Ahadi ya King'ora

Binti yangu wa kwanza alikuwa mtoto wa kulia, na mimi nilikuwa mama wa kuliliwa. Nasema bila aibu. Tuliishi kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, Élisabethville, wakati wa Wabelgiji. Mume wangu alishinda kwenye tanuru. Akirudi anakula, analala kama gogo. Ndugu zangu wote walibaki kaskazini. Mtu wa kuongea naye mchana kutwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na miaka minne.

Kisha masista wakafungua shule ya watoto wadogo pale kambini, na amri ikatoka kwamba kila mtoto apelekwe. Asubuhi ya kwanza alining'ang'ania kitenge mpaka kikanifunguka mbele za watu. Sista alimbandua kidole kimoja kimoja. Niliondoka nikisikia kilio chake hadi kwenye bomba la maji, na pale nikalia nami, nikajifanya nanawa uso.

Jirani yangu, mama mmoja wa Kasai aliyekwisha kupeleka watano shule ya wakubwa, alinicheka. "Weye unamuaga sana! Umuibe macho tu, ukimbie." Nilijaribu siku mbili. Siku ya tatu hakuniachia mkono tangu alipoamka, hata nilipokwenda chooni.

Basi nikatafuta ujanja wangu. Katika nyumba zetu hapakuwa na saa. Tulikuwa na king'ora cha kiwanda, tulichokiita sirène. Kililia alfajiri, kikalia saa sita, nasi tukakifuata kama kuku wanavyofuata mtama. Nilichuchumaa kwenye mlango wa shule, nikamwita mama, kama tunavyowaita binti zetu.

"Mama, unisikie. Kama sirène inalia, miye niko hapa pa mulango."

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu."

Alilia, lakini kidogo. Saa sita nilikuwa pale kabla king'ora hakijanyamaza. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki ya tatu alikuwa anaingia akivuta kamasi tu, nami nikaanza kujiona fundi.

Nilisahau jambo ambalo kila mwanamke wa kambi alilijua. Asubuhi moja, hata kufua sijamaliza, king'ora kililia mfululizo, bila kupumua. Hiyo ilikuwa ajali. Kikilia namna ile, wanawake wote walikimbilia lango la kiwanda, kila mmoja akiomba moyoni aliyeumia awe wa mwingine. Nilikimbia na povu mikononi, bila viatu. Tulisimama juani muda mrefu. Walioumia walikuwa wawili, na mume wangu hakuwemo. Mungu anisamehe, nilifurahi huku mwenzangu, mke wa mmoja wao, anagaragara chini. Kwa aibu ya furaha ile nilikaa kumshika. King'ora cha saa sita kilipolia nilikuwa bado nimemkumbatia, wala sikukitia akilini.

Nilipofika shuleni watoto wengine walikuwa wamekwisha kwenda. Binti yangu alikuwa ameshika lango la waya kwa mikono miwili. Sista alisema alikimbilia pale king'ora cha ajali kilipolia, na kila walipomvuta aling'ata. Hakuwa akilia.

"Mama, sirène ililia mara mbili," aliniambia.

"Nilienda kuangalia baba yako. Baba iko muzima."

"Ililia mara mbili."

Nilimbeba mgongoni, mkubwa vile, naye akakaa wima njia nzima bila kuegemeza kichwa.

Kesho yake aliamka, akavaa, akatembea mbele yangu. Nilichuchumaa mlangoni nikaanza maneno yangu ya kila siku. Alinipita sijayamaliza, akaingia, akakaa kwenye benchi lake akitazama ubao. Sista alifurahi sana.

"Mutoto wako iko mukubwa sasa, mama. Unaweza kwenda."

Pale kwenye bomba la maji majirani walinipongeza kwa siku nyingi. Yule wa Kasai hata alidai shauri lilikuwa lake. Lakini asubuhi ile, sista alipokwisha kunipa ruhusa, sikuondoka. Nilibaki nimeshika waya, nikimngoja ageuke alie, kidogo tu, hata kwa kunihurumia. Hakugeuka.