Kurasa Mia na Arobaini

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifanya kazi masjala ya kampuni ya mafuta kwa miaka ishirini na miwili. Mimi nilipika chai na kusafisha ghorofa hiyo hiyo kwa miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi, na hilo sikatai. Siku ya kwanza alinisimamisha nje ya lifti akaniambia, "Humu ndani mimi ni karani na wewe ni mama wa chai. Uwifi tuuache getini." Tukauacha getini. Jioni ulikuwa bado upo pale, lakini mara nyingi alipita bila kuuchukua.

Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alikuwa na sweta la kijivu aliloliacha kwenye kiti chake hata akiwa likizo, ili mtu mwingine asikae. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya visima. Kila kisima cha mafuta kilikuwa na maboksi yake, yenye vipimo, barua na ripoti za ajali. Mhandisi akitaka karatasi, alimpigia simu. Wifi alivaa miwani, akaingia kati ya rafu, akatoka na boksi. Watu walisema ana kichwa kama kabati.

Kichwa kilikuwa changu. Mwaka wangu wa nne pale, bomba la maji lilipasuka juu ya dari na chumba cha mafaili ya visima, alichokishika wifi peke yake, kikalowa. Wifi alikuwa amelazwa hospitali, ufunguo ameniachia mimi. Kwa wiki mbili nilianika karatasi kwenye kamba, zilizokunjamana nikazipiga pasi, nikazirudisha zote mwenyewe. Shule sikwenda. Herufi nilizijua baadaye, nikizinakili kwenye migongo ya maboksi yale yale, jioni nyumbani mwanangu akinisahihisha. Kwa hiyo sikuzipanga kwa namba. Nilizipanga kwa macho: zenye madoa ya matope pamoja, zilizofungwa uzi wa bluu pamoja, na zile za mhandisi aliyekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, chini kabisa.

Wifi aliporudi akakuta namba hazifuatani. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliyeachiwa ufunguo ni mimi na aliyeniachia ni yeye. Mwanzoni tulitafuta pamoja. Baadaye alikuwa anakuja jikoni kwangu, ananong'ona jina la kisima, nami namjibu, "Rafu ya sita, chini, uzi wa bluu." Hivyo ndivyo kabati lilivyofanya kazi kwa miaka kumi na tatu.

Kisha meneja akawaita wafanyakazi ukumbini. Mimi nilikuwa namimina chai. Alisema kampuni inajipanga upya. Kazi za ofisini zitafanywa na kituo kilichoko nchi ya mbali, ambako mishahara ni midogo. Karatasi zote zitapigwa picha na kupelekwa huko kwa kompyuta. Katika watu watano wa masjala atabaki mmoja. Na kila mtu aandike daftari la kazi yake, hatua kwa hatua, kama anayemfundisha mgeni.

Dada wa mapokezi ndiye aliyeeneza kwamba daftari nene litamwokoa mwenyewe. Mwenye kurasa nyingi ana kazi nyingi, na mwenye kazi nyingi hafukuzwi. Ghorofa nzima iliamini. Watu waliandika hata wakati wa chakula, mkono mmoja kalamu, mkono mmoja mkate. Karani mmoja alimaliza kurasa nne akieleza namna ya kutia karatasi kwenye mashine. Aliyeandika ukurasa mmoja na nusu ni mzee wa ramani peke yake, aliyekaa nyuma kabisa ya masjala.

"Mzee, ndiyo umemaliza?" wakamuuliza.

"Nimemaliza. Mengine yako kichwani, na kichwa naondoka nacho."

"Haya, wewe ndiye wa kwanza kumwaga unga."

"Nitaumwaga kesho," akasema, akaendelea kukunja ramani zake.

Jumapili alasiri wifi alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa hajafika tangu mazishi ya baba mkwe. Alikaa jikoni kwenye kigoda, daftari mapajani.

"Wifi yangu," alianza.

"Leo umeuokota uwifi getini?"

"Usinitanie. Nina binti sekondari, na baba yake unamjua, hajulikani alipo. Nikitoka pale nimekwisha. Nieleze rafu zile. Zote."

"Ili iweje?"

"Niandike kila boksi lilipo na kwa nini lipo hapo. Nani mwingine ataandika kitu kama hicho?"

"Na mimi?"

"Nitaandika kwamba tulipanga wote wawili. Wakinibakiza mimi, na wewe watakuhitaji."

Mume wangu alikuwa sebuleni, masikio huku. "Msaidie dada," alisema. "Damu ni damu." Damu ilikuwa yake, lakini nilimsaidia. Nilimweleza kwa Jumapili tatu, rafu baada ya rafu, mpaka doa la mwisho. Zikafika kurasa mia na arobaini. Akalitia daftari jalada la plastiki.

Nililiona juu ya meza ya meneja nilipokuwa nafuta vumbi. Nikalifungua. Wakati huo nilikuwa nasoma, polepole, kidole kikitangulia. Kila ukurasa ulikuwa mimi nafanya hivi, mimi nafanya vile, na huyo mimi alikuwa yeye. Nilimtafuta mama wa chai. Nilimkuta ukurasa wa tisini na mbili, pameandikwa wahudumu wa chai wasiruhusiwe kuingia masjala kwa sababu huharibu nyaraka.

Nikalifunga nikaendelea na meza.

Msichana wa kituo kile cha nchi ya mbali alianza kutokea kwenye kompyuta ya wifi kila asubuhi saa tatu. Ilikuwa imepangwa afundishwe miezi mitatu. Alikuwa na adabu, alimwita wifi mwalimu. Siku ya tisa alisema hana swali tena, kila kitu kimo daftarini. Meneja alimpongeza wifi mbele ya watu, akasema hajawahi kuona kazi ikielezwa vizuri namna ile. Alhamisi ya wiki hiyo akampa barua ya kuachishwa kazi.

Aliyebaki ni mzee wa ramani. Ukurasa wake mmoja na nusu msichana hakuuelewa, meneja hakuuelewa, na mwenyewe kila akiulizwa alisema ataeleza kesho.

Nilimkuta wifi chooni ananawa uso. Alinitazama kwenye kioo.

"Ungenidanganya," alisema.

"Nini?"

"Ungeniambia nusu. Ungechanganya hata rafu mbili. Wangekwama, wangenihitaji."

"Ulisema zote."

"Nilisema. Na wewe ukanipa zote, kama mtu anayetapika. Miaka yote hii unanificha unavyonichukia, rafu mbili zikakushinda kuficha?"

Nikachukua ndoo yangu nikatoka, maana choo cha wanaume kilikuwa bado.

Jumapili mama mkwe aliita kikao. Tulikuwa watu saba. Wifi alieleza mambo yalivyokwenda, na safari hii alieleza kweli tupu: bomba, kamba, pasi, Jumapili tatu. Alisema masjala ile niliipanga mimi na kila kilichoandikwa kilitoka kinywani mwangu. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanigeukia.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua yote."

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukayatoa yote."

"Aliyaomba yote."

"Mwanangu ametoka, wewe umebaki."

"Mimi nafuta sakafu, mama. Sakafu haipigwi picha ikapelekwa ng'ambo."

Shemeji mdogo alicheka, akatazamwa, akanyamaza. Mama mkwe alisema maneno yangu ni ya mtu aliyeshiba. Akasema aliyemtoa mwenzake kazini abebe mzigo wa mwenzake: binti atakaa kwangu, atakula kwangu na kusoma kwangu, mpaka mama yake apate kazi nyingine. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakwaruza lebo ya chupa ya soda kwa ukucha.

"Ni sawa, mama," alisema. "Hana neno."

Wifi alijifuta macho kwa kitambaa akaomba maji ya kunywa, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango wa jikoni.

Binti aliletwa Jumatano na godoro lake. Nilimwonyesha pa kulilaza, kati ya kabati na dirisha, nikamwambia asubuhi tunaamka saa kumi na moja.