Sauti Iliyobaki kwenye Simu ya Mkutubi wa Oldonyo Sambu

Ukungu wa Meru bado umelalia mahindi ya Oldonyo Sambu, na Kandida Shirima anahangaika na sufuria. Si ya uji. Anatumbukiza simu yake ndani ya sufuria tupu, anaiweka juu ya meza ya maktaba, na sauti inayotoka humo inajaa chumba kama ya mhubiri.

"Spika ya shule ilikufa," anasema. "Hii haifi, na jioni inanipikia ugali."

Wanafunzi saba wa sekondari hii ya kata wanasogea. Ndani ya sufuria ananguruma mzazi mmoja, ambaye jana alimsikiliza mtoto akisimulia kitabu alichoazima: "Huyo aliyeandika hajafuga. Ng'ombe gani anakamuliwa saa sita mchana? Rudisheni hicho kitabu."

Wanacheka. Kandida naye anacheka, kisha macho yanamwendea kwenye viti vitupu, na kicheko kinakatikia njiani.

Mwaka jana viti havikutosha.

Kandida ana miaka hamsini na mbili. Ni Mchaga wa Kibosho, mama wa Blessing, na ukutubi aliupata kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kushinda na vumbi. Posho yake inatokana na michango ya wazazi, ikipatikana. Maktaba ina rafu nne: tatu za vitabu, ya nne ya mchwa, ambao kwa maelezo yake "wanasoma kuliko kidato cha pili."

Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Basi akaunda kundi la WhatsApp la simu za wazazi. Mtoto akimaliza kitabu, anakisimulia kwa sauti kwenye simu ya Kandida. Nyumbani wanasikiliza, wanajibu, na asubuhi majibu yanapigwa maktabani. Shule moja ya Olmotonyi ikajiunga, watoto wa huko na huku wakawa wanagombana juu ya kitabu kimoja bila hata kuonana.

Aliyelitia kundi hilo uhai ni binti mmoja wa kidato cha pili. Jina lake halitaandikwa hapa, na sababu yake ndiyo simulizi hii.

Binti huyo alikuwa akisimulia kwa Kiswahili, kisha anarudia kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, kwa ajili ya bibi yake. Mabibi wa boma jirani wakaanza kukusanyika kwenye simu. Wakauliza maswali ambayo hakuna mtihani uliowahi kuyauliza.

"Bibi mmoja alitaka kujua huyo baba wa kwenye kitabu ni wa ukoo gani, maana anaoa hovyo," Kandida anakumbuka. "Nikamwambia, bibi, ni wa kitabuni. Akasema, hata huko kuna ukoo."

Kila simulizi binti aliianza vilevile: "Hamjambo nyumbani, mimi naitwa..." na jina lake.

Julai, baridi ya upande huu wa mlima ilipokolea, alishikwa na homa ya mapafu. Alipofikishwa hospitali alikuwa amechelewa.

Kandida alilia, kisha akafanya kile ambacho kwao Kibosho kingekuwa heshima. Aliweka picha ya binti kwenye kundi, akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa, akaandika "Pole sana Mama" akimalizia na jina hilohilo, halafu akarudisha simulizi zake zote, moja baada ya nyingine, watu wapate kumkumbuka.

Akasubiri pole. Badala yake zikaanza kuingia taarifa za watu kutoka kwenye kundi. Huyu ametoka. Yule ametoka. Kufikia jioni, nyumba zaidi ya mia moja zilikuwa zimebaki kumi na tisa.

"Nilidhani ni mtandao," anasema. "Mchaga akikosa hela anakopa. Akikosa akili anakopa wapi?"

Baada ya wiki, akili ilimfuata shuleni kwa miguu. Mzee Lesikar, kaka wa baba wa marehemu, alikuja na fimbo yake, akakataa kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nani alikutuma kumwita?"

"Kumwita nani, mzee?"

"Aliyeondoka. Sisi mtu akienda, jina lake tunaliacha lipumzike. Hata mama yake sasa tunamwita Mama Lengai, kwa yule mdogo. Binamu yake mwenye jina hilohilo, tumempa jingine. Wewe umeliandika kwenye simu ya kila nyumba. Linaita asubuhi, linaita jioni. Unataka ageuke arudi?"

Kandida anasema alitamani mchwa wamle na yeye.

Aliomba radhi, akaahidi kufuta. Ndipo akagundua kwamba ujumbe wa siku nyingi, aliyeutuma hawezi tena kuufuta kwenye simu za wengine. Kila simu ina nakala yake. Akiacha hivyo, watoto hawatarudi kwenye vitabu, maana wazazi walishasema maktaba ina msiba ndani. Akitaka warudi, lazima aifute sauti ya mtoto aliyempenda, kwa mkono wake, nyumba hadi nyumba.

Alizunguka na Mzee Lesikar wiki kadhaa, baada ya kazi. Nyumba nyingine zilimpa maziwa pamoja na simu. Nyingine zilimpa simu tu.

"Mama mmoja aliniuliza nimesoma mpaka wapi," anasema. "Nikamjibu. Akasema, basi kuna somo waliliruka."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Gadiel, baba wa binti. Simu ilikuwa moja, yake. Alimkabidhi Kandida. Mama Lengai alikuwa amesimama mlangoni, na Kandida alijua, kwa kuwa mama mwenyewe alimnong'oneza kanisani, kwamba mume akienda na ng'ombe bila simu, yeye husikiliza sauti ya mtoto wake.

Kandida alifuta simulizi zote mbele yake. Mama Lengai aliangalia mpaka ya mwisho, akaingia ndani.

Gadiel alimsindikiza mgeni hadi njiani. Walipofika kwenye ua akasema, "Mwalimu, mzee alisema simu za nyumba zetu."

"Ndiyo, baba."

"Basi. Yako sijaiomba. Na Ijumaa mimi huwa mnadani."

Tangu hapo, kila Ijumaa Mama Lengai huja maktabani, anakaa nyuma ya rafu, khanga kichwani. Gadiel anajua. Ni yeye aliyekubali habari hii iandikwe, mradi jina lisiwemo. Kandida huchagua simulizi moja, anasogeza kidole mbele kidogo ili "mimi naitwa" ipite bila kusikika, kisha anamwekea simu sikioni. Siku hiyo sufuria haitumiki.

Kundi jipya limefunguliwa. Nyumba zinarudi taratibu, nyingine bado zinatazama. Sheria ya kwanza, aliyoisema Mzee Lesikar na Kandida akaibandika mlangoni, ni kwamba penye msiba simu inanyamaza mpaka wenyewe waseme.

Anachopanga sasa ni kuhamishia sauti zile kwenye simu nyingine, kwa sababu hii imeanza kujizima. Imebaki moja tu ambayo Mama Lengai hajaisikia upya. Ijumaa iliyopita alimzuia mkono.

"Ile ya mwisho usinipe," alimwambia. "Nikiisikia, atakuwa amemaliza kuongea."

Kwa hiyo wamerudi kuanza na ya kwanza. Kandida anaitunza ile ya mwisho, na anaomba Mungu Mama Lengai asiiulizie mwaka huu.