Mchele Uliokataa Kushuka

Nilipokuwa mtoto, pale kijijini kwetu Ole, kitu cha thamani kikipotea nyumbani hatukukimbilia polisi. Tulitafunishwa mchele. Mchele mkavu, umesomewa dua, kila mtu kiganja chake. Asiye na hatia humeza. Mwizi unamgandia mdomoni. Ndivyo tulivyoambiwa, na nani angebisha?

Basi wiki moja kabla ya harusi ya shangazi yangu, Bi Riziki, kipuli chake kimoja cha dhahabu kikapotea. Nyumba ikageuka. Mama na mawifi zake wakaacha kupika pamoja, na hata aliyekwenda chooni alisindikizwa kwa macho.

Baada ya sala ya alasiri akaja Mzee Makame, msomaji wa mchele. Tulikuwa sita mkekani. Bibi alianza, akameza. Binamu yangu Asha alitafuna utadhani anakula njugu. Mie nilikuwa wa mwisho, na nilipokuwa nangoja niliwaza jambo moja tu: juzi nilikivaa kile kipuli mbele ya kioo, nikakirudisha palepale. Je, mchele utaijua tofauti?

Viganja vikalowa jasho, na mate, wallahi, yakahama. Nilitafuna, nikatafuna, mdomo ukajaa unga mtupu. Nikapaliwa, punje zikatapakaa mkekani.

Mama alinishika mkono, akanipeleka uani, akainama sikioni kwangu.

"Mwanangu, umekiweka wapi?"

Wengine wote wangeninyooshea kidole ningestahimili. Mama nilitaka aniamini. Sikuwa hata na mate ya kujibia.

Kipuli kilionekana miezi kadhaa baadaye, godoro la shangazi lilipofumuliwa ili liongezwe usufi. Hakuna aliyeiba. Shangazi alicheka, akasema Mungu mkubwa. Pole sikupewa na mtu, na Mzee Makame aliendelea kuitwa majumbani mwa watu.

Leo mie ni muuguzi. Kila siku nawaona watu wazima wakitetemeka kwa kuiona sindano tu, na najua woga hukausha mate ya mkosa na ya asiye na kosa vilevile. Nalijua hilo vizuri. Lakini mwezi uliopita simu yangu ilipotea ndani, nikamwita binti yangu Maryam, ambaye kisa changu cha mchele anakijua, kumuuliza. Akalamba midomo. Akataka kumeza mate, hayakushuka. Na mie, mie niliyetafunishwa mchele, nikajikuta nalikodolea macho koo lake.

Niliona haya, nakwambieni. Nikaenda mtungini, nikamletea kikombe cha maji, nikamwambia anywe kwanza, maneno baadaye.

Alikipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani. Hakunywa.

"Mama," aliuliza taratibu, "yamesomewa?"

Nikakichukua kikombe, nikanywa mie kwanza.