Pasi Juu ya Ziwa

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua likachomoza ghafla tukiwa njiani. Wifi yangu akasema hiyo ni dalili njema. Kwake hata mawingu ni dalili njema.

Wifi, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Miaka kadhaa iliyopita, ili wanawe waache kuchezea mkasi wake, aliwashonea mchezo: kitambaa chenye njia ya vyumba vya rangi, na kete zake ni vifungo. Katika pilikapilika hizo akaisahau pasi ya mkaa kwenye kona ya kitambaa. Kitambaa kikaungua. Hakukitupa. Alama ya kuungua akaizungushia njia na kuitungia sheria: kifungo kikitua hapo, kimeungua, kirudi mwanzo. Majirani wakaupenda mchezo, naye akawa anaushona na kuuuza.

Mwaka jana aliupeleka kwa mchapishaji. Wakakaa na kitambaa miezi mitatu, wakamrudishia wakisema mchezo haufai. Haukupita muda, mchezo ukaonekana madukani ndani ya boksi, na wifi akaandikiwa barua ya kumkataza kushona mchezo "wao".

Leo tuliitwa mbele ya msuluhishi wa hakimiliki, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Wazo la mchezo halina mwenyewe," alituonya. "Mchoro ndio wenye mwenyewe. Nani alitangulia kuchora?"

"Sisi," akadakia mwakilishi wa mchapishaji, kijana wa tai. "Mama huyu ameiga ubao wetu."

"Mwanangu," wifi akamwuliza akigusa ubao wao uliotandazwa mezani, "hili doa la kahawia kwenye kona ni nini?"

"Ni ziwa. Msanii wetu alilibuni."

"Ziwa! Lina samaki?"

Karani akaficha kicheko kwa kiganja. Wifi akanigeukia. "Haya wifi, lete mzigo."

Nikafunua kikapu, nikatoa pasi. Ncha yake imemeguka upande mmoja tangu siku ilipoanguka sakafuni. Wifi akaiweka juu ya ziwa. Ikakaa kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea, ukingo kwa ukingo, mpaka pale penye mmeguko.

Msuluhishi akainama, akapitisha kidole pembeni mwa pasi. "Msanii wenu aliliona wapi ziwa hili?"

Kijana akalegeza tai, akaomba kutoka apige simu. Aliporudi alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Katazo limefutwa. Jina la wifi litachapwa juu ya boksi, na kwa kila boksi litakalouzwa atapata fungu lake.

Kwenye korido wifi alinishika mabega. "Nikamate nisiruke!"

"Ruka tu, pasi ninayo mimi."

"Na kaka yako aliyesema kitambaa kile ni cha kudekia! Leo atapika yeye!"

Jumatano, tarehe 15 Mei. Asubuhi wifi alitandika kitambaa kipya mezani, akatia makaa kwenye pasi, akaiweka konani, akakunja mikono na kungoja moshi.