Dereva Haachi Gari

Kwa miaka thelathini na mmoja Kimya aliendesha wakubwa. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, maana mtu angeweza kusafiri naye kutwa nzima asisikie kitu isipokuwa "ndiyo, mheshimiwa" na "tumefika, mheshimiwa". Wakubwa walimpenda kwa hilo. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akisema ameolewa na kabati, tena lililopotea ufunguo. Alipostaafu, ofisi ilipiga mnada magari makuukuu, naye akalinunua lile lile alilokuwa akiliendesha, kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua kelele zake zote.

Sasa alikuwa njiani kwenda kwa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea Kimya baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemlipia ada ya kujifunza udereva. Walikuwa hawajaongea kwa miaka kumi na mmoja, na kosa lilikuwa la Kimya, hakuna wa kumsingizia.

Mambo yalikuwa hivi. Shemeji yake, mume wa dada, alifariki wakati Kimya yuko ziarani na mkubwa. Siku ya tatu ya msiba ziara ikapita mji ule ule, na mkubwa akaingia kuongea na watu katika ofisi iliyotazamana na lango la dada. Kimya alibaki kwenye usukani, injini ikiunguruma na kiyoyozi kikipuliza ili kiti cha nyuma kisipate joto. Dereva haachi gari: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha waliomfuata kazini. Akakaa dakika arobaini. Dada akatoka langoni, akamwona. Kimya akainua vidole viwili juu ya usukani, kama madereva wanavyosalimiana wakipishana barabarani. Dada akamtazama, akarudi ndani. Mkubwa alipotoka, wakaondoka.

Wiki iliyopita alijipiga moyo konde akampigia simu, akamwambia anataka kuja. Dada akasema, "Njia unaijua," akakata. Tangu hapo Kimya alikuwa hajui kama amekaribishwa au amefukuzwa.

Barabara kuu ingemfikisha kwa saa saba. Yeye akashika njia za ndani, zinazokatiza jangwani kwa siku mbili. Majirani aliwaambia gari lake kuukuu haliwezi mikikimikiki ya malori. Uongo mtupu. Alikuwa anatafuta muda wa kupanga maneno, na mtu aliyekaa kimya maisha yake yote anahitaji muda mwingi.

Asubuhi ilikuwa changarawe tupu, bapa, rangi ya majivu, na njia yenye vituta vidogo vidogo vilivyomtikisa mpaka meno yakagongana. Baada ya hapo yakaja mawe meusi, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, ikabidi aende mwendo wa kutambaa. Katikati ya mawe hayo njia ikagawanyika. Kimya akafunga breki, akatazama kioo cha kati, akasubiri aambiwe. Alisubiri dakika nzima kabla hajakumbuka kwamba kiti cha nyuma hakina mtu.

"Kushoto," akajiambia kwa sauti, akaona haya kana kwamba kuna aliyemsikia.

Kushoto kulikuwa sawa. Mchana akafika kwenye kibanda cha mama mmoja aliyeuza mafuta kwa madumu. Mama akamjazia tangi kwa mpira, huku akichungulia ndani ya gari.

"Bosi wako amekwenda kujisaidia?"

"Sina bosi, mama. Niko peke yangu."

"Mbona umepaki hivyo? Kivuli chote umekipa kiti cha nyuma, mwenyewe umekaa juani unaungua!"

Kimya akatazama. Kweli. Alikuwa amepaki kama alivyopaki miaka yote, mlango wa nyuma kivulini, wa dereva juani. Mama wa mafuta akacheka mpaka akaweka dumu chini.

"Na unakwenda wapi, baba?"

"Kwa dada yangu. Nimemkosea."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na alimtamkia mtu asiyemjua, mpira wa mafuta ukiwa mkononi. Mama akaacha kucheka. "Basi usikae sana hapa," akasema.

Mchana wote uliobaki alipita uwanda wa chumvi, mweupe, mgumu, hauna hata njia, unaelekeza usukani unakotaka. Jua lilipoanza kushuka akasimama, akajinyoosha kwenye kiti cha nyuma. Hakuwahi kukalia kiti hicho. Mbele yake aliona kiegemeo cha dereva, basi. Kumbe wakubwa wote wale walikuwa wanatazama kisogo tu. Aliwaza pia kwamba yeye ndiye aliyemwachia dada yake kisogo, akasikia uchungu, akajigeuza alale.

Siku ya pili ilikuwa mchanga mwekundu. Alipunguza upepo wa matairi, akakwama mara mbili hata hivyo, akafukua kwa sufuria, akajitukana kwa matusi ambayo hakuna mheshimiwa aliyewahi kuyasikia kwake. Maneno aliyokuwa ameyapanga yakapotelea huko mchangani. Adhuhuri nyumba za mji zikaonekana.

Alisimamisha gari ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la dada yake, akabaki amekaa. Injini ikaunguruma. Mikono ilikuwa kwenye usukani kama imegandishwa kwa gundi. Lango likafunguliwa. Dada alikuwa amezeeka, kitambaa kichwani, sabuni mikononi, akasimama akimtazama vile vile.

Kimya akazima gari. Akafungua mlango, akashuka, akavuka barabara.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Hakumpa mkono.

"Siku ile, dada... nilikuwa hapo karibu tu."

"Hatua thelathini na nane," dada akasema. "Watu walipomaliza kuondoka nilitoka nikazihesabu. Nilitaka kujua mdogo wangu alishindwa wapi."

Kimya akalia, hapo hapo barabarani, mchana kweupe, watu wakipita. Hakujifuta uso wala hakutafuta la kusema. Dada alimwacha alie mpaka atosheke. Alipotulia, dada alijipangusa sabuni kwenye kanga, akampisha langoni.

"Pita ndani," akasema. "Chumba cha shemeji yako nilikifagia siku ile ile uliponipigia simu."