Ukimya Uliopewa Tuzo

Swali lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kumwambia mtu: filamu ikifika kwenye ule ukungu, niseme au ninyamaze? Usingizi ulinikimbia kwa ajili yake. Mimi ni mtu wa kuwaza hata salamu. Mtu akiniitikia "safi" kwa sauti ya chini, naibeba hiyo "safi" mpaka chumbani, naipindua huku na huku kama mteja anayekagua mshono wa mkoba. Lakini hili halikuwa jambo la salamu. Lilikuwa jambo la baba, na baba tulikuwa tumeshamzika.

Baba alikuwa mtafsiri wa filamu. Si mtafsiri wa kukaa ofisini na kamusi. Kwetu Tanga, nilipokuwa mdogo, filamu ya Kihindi au ya Kikorea ikifika mtaani ilikuwa lazima apatikane mtu wa kuisema kwa Kiswahili juu ya sauti zake, na mtu huyo alikuwa baba. Aliziba dirisha la chumba cha uani kwa blanketi, akawasha kompyuta, akashika maikrofoni, akawa watu wote: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Lugha zenyewe hakuijua hata moja. Alisoma nyuso. "Mdomo ndio mwongo," alikuwa akituambia. "Uso hauna haja ya kutafsiriwa, unaomba tu kusindikizwa."

Mwaka aliofariki mama, aliletewa filamu ya katuni ya Kijapani. Ni hadithi ya kijiji ambacho mto wake uliinuka asubuhi moja ukaondoka, ukaacha samaki wakitapatapa mchangani. Mama mmoja anachukua ndoo na kuufuata mto ili aubembeleze urudi. Binti yake naye anamfuata mama, akiongozwa na ndege wa mguu mmoja. Mwisho wanaukuta mto umejikunja juu ya mlima, umelala. Mama yuko ng'ambo. Anamtazama mwanawe, anainama, anaokota ndoo, anaingia kwenye ukungu. Mto unaamka na kurudi kijijini. Mama harudi.

Hapo kwenye ukungu, baba alisema hivi: "Mama anakwenda kuteka maji. Ndoo ni nzito." Halafu akakohoa. "Atachelewa. Nyinyi kuleni, mlale. Msimngoje mlangoni."

Mimi na mdogo wangu wa kiume tuliitazama disiki aliyorekodi mpaka ikachubuka. Tulikuwa tukiyasema maneno pamoja naye, na kwenye kikohozi tukikohoa. Tulidhani ni sehemu ya filamu. Tulidhani Wajapani nao hukohoa palepale.

Nilipata ufadhili wa kuja Guangzhou, China, kusomea sanaa za picha na kompyuta. Siku moja darasani mwalimu alizima taa, akasema atatuonyesha dakika chache za filamu iliyobeba tuzo kila bara. Picha ilipotokea ukutani nilikaribia kupiga kelele: ni mto wetu! Ni ndoo yetu! Mwalimu akaeleza kwamba majaji wa tamasha moja kubwa la Ulaya waliipa tuzo ya filamu bora ya katuni na kuitaja sehemu hii hasa, kwa sababu mwongozaji alithubutu kutoweka neno wala muziki. Marekani nao wakaipa yao. Kwao Japani ikapata ya uchoraji, na hata tuzo ya muziki, akasema mwalimu huku akicheka, ilitolewa kwa kuwa mtunzi alijua wapi auache.

Ukungu ukaja. Nilikaa gizani nikingoja kikohozi. Hakikuja. Msichana wa watu alisimama pale ng'ambo, peke yake, hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia akale. Nililia mpaka jirani yangu akanipa karatasi ya kufutia. Alifikiri nimeguswa na sanaa.

Jioni ile nilimpigia baba. "Ile katuni ya Kijapani imepata tuzo kubwa kubwa, baba. Dunia nzima inaisifu."

"Ile ya ndoo?"

"Hiyohiyo."

"Nilijua tu," akasema. "Tuliifanyia kazi ile."

Tuliifanyia. Sikuwa na moyo wa kumweleza kilichosifiwa. Baadaye mdogo wangu alinisimulia kwamba mzee alizunguka mtaa mzima na habari hiyo, barazani wakampa mkono wa pongezi, na muuza kahawa akakataa pesa yake siku ile. Kikombe cha kahawa. Kama kuna tuzo nyingine baba aliyowahi kupata kwa kazi yake, mimi siijui.

Baba alifariki alfajiri, akazikwa kabla ya Alasiri, kama tunavyozika sisi. Hata ningekuwa nimelala uwanja wa ndege nisingewahi. Nilikuwa nimehitimu, nafanya kazi ya kuwatafsiria wafanyabiashara wa kutoka nyumbani, na saa hiyo nilikuwa Shahe, kwenye ngazi za soko la nguo za jumla. Mdogo wangu aliinua simu juu ya mabega ya watu ili nione. Picha ilikuwapo. Sauti ilikatika. Niliona midomo ikienda, niliona udongo ukishuka, bila kishindo. Wachina walinipita na mifuko mikubwa myeusi mgongoni, nami nimesimama katikati ya njia nikipiga kelele kwa Kiswahili, "Sauti! Sauti!" mpaka picha nayo ikaganda.

Baada ya arobaini nilimwomba mdogo wangu atafute disiki. Hakupata kitu. Kompyuta ya uani ilikuwa imekufa zamani, na disiki zilizobaki zilikuwa za ndondi. Sauti ya baba kwenye filamu ile ilikuwa imebaki vichwani mwetu, mimi na yeye.

Sasa mwaka huu filamu imerudishwa kwenye majumba ya sinema huku. Kila kituo cha treni ya chini kina bango lake: msichana, ndoo, na juu yao safu za tuzo, kila moja imezungushiwa majani mawili ya dhahabu. Mwenzangu wa chuo, kijana wa Nairobi aliyesomea filamu, akaja na wazo kwamba tuionyeshe Jumapili mchana, ghorofa ya juu ya mgahawa tunaokula Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kwa wanafunzi na wafanyabiashara. Na kwa kuwa maandishi ya chini ni ya Kichina, mtu aitafsiri. Akanitazama.

"Lakini ukifika kwa ukungu, zima mic," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Msee, hiyo kimya ndiyo ilibeba tuzo! Ukiongea hapo ni kama kuchora masharubu kwa picha ya mtu. Utatuaibisha mbele ya watu."

Nilicheka naye. Chumbani sikucheka. Je, baba aliharibu filamu nzuri? Na kama aliharibu, mimi nilikuwa nalilia nini darasani? Na nikisema maneno yake mbele ya watu wakacheka, si nitakuwa nimemfanya akosee tena, mara hii akiwa hawezi hata kujitetea? Na nikinyamaza?

Wiki hiyohiyo nilimpeleka Shiling, kwenye masoko ya mikoba, mteja wangu wa Mombasa, mama mmoja wa makamo anayenunua mikoba. Anaijua disiki ya baba. Zamani disiki zake zilivuka mpaka zikafika hadi kwao. Dukani aliminya mkoba, akauliza kama ni ngozi kweli. Laoban, mwenye duka, akajibu bila kuinua macho kwamba mtu asiyejua ngozi aende akanunue karatasi.

"Anasema hii si ile ngozi ya kudumu sana," nikatafsiri.

Mama akaniangalia, akamwangalia laoban. "Mwongo we! Uso ule umesema mengi kuliko hayo."

"Basi mbona huniulizi?"

"Niulize nini? Kwani nimekuja kununua matusi?" Akachukua mkoba mwingine, akaunusa. "Na ile filamu Jumapili, waisema wewe?"

"Bado nafikiri, mama."

"Haya, fikiri. Wewe kwa kufikiri utapata mvi kabla ya mume. Mie nataka ile ya babako. Nami yalinifika hayo hayo: wanangu wanaitazama, marehemu baba yao ana mwezi mmoja kaburini. Nyumba nzima ilikuwa kimya, hakuna aliyetupa tuzo." Kisha akamgeukia laoban na kumwonyesha kwa vidole bei anayoitaka, na laoban akapiga ukelele, na nikalazimika kurudi kazini.

Maneno yake hayakunimalizia kitu. Nilirudi kwenye basi nikiwa na mashaka mapya: huenda watu wa nyumbani tunapenda sauti tu, tunaogopa kimya, na majaji wanajua wasemalo. Nimesoma. Najua kwamba sehemu ile ni nzuri bila neno. Nikiiangalia kama mwanafunzi, singeweka hata pumzi. Lakini siwezi kuiangalia kama mwanafunzi tu. Kimya nilichokiona kwenye simu pale Shahe hakikuwa na uzuri wowote.

Jumamosi nilimpigia mdogo wangu. Nilijifanya nimesahau.

"Hebu niambie yale maneno ya baba kwenye ukungu."

"Wewe ndiye msomi halafu umesahau?" Nikamsikia akivuta pumzi. Siku hizi sauti yake imekuwa nzito. "Mama anakwenda kuteka maji. Ndoo ni nzito." Akakohoa. "Atachelewa. Nyinyi kuleni..."

"Unaumwa kifua?"

"Nani?"

"Wewe. Umekohoa."

"Ah, dada," akasema. "Si ndivyo inavyokwenda?"

Kumbe na kikohozi alikuwa amekitunza. Na palepale nikaelewa jambo ambalo mtoto asingeweza kulielewa: chumba cha uani, blanketi dirishani, mke hana hata miezi mitatu ardhini, na mwanamume mwenye maikrofoni anatazama uso wa mama aliyechorwa akiingia ukunguni. Baba alijua kusoma nyuso. Alijua vizuri kwamba yule mama harudi. Hakutuambia kwamba atarudi. Alitafuta la kusema ambalo baada yake mtoto angeweza kula, na koo likamkaba, akalisafisha, akaendelea na kazi.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Nimekula," nikamwambia, jibu la kipuuzi, naye hakuniuliza nina maana gani.

Jumapili watu walijaa mpaka ngazini. Mama wa Mombasa alikaa mbele, mkoba mpya mapajani. Mwenzangu wa Nairobi alikaa kando yangu, mkono kwenye kitufe cha sauti. Nikaanza. Nilikuwa mto, nikawa ndege wa mguu mmoja, nikawa samaki. Watu walicheka palipostahili, na mtu wa nyuma akauliza kwa nguvu, "Huyu ndege Mchaga nini, mbona anadai nauli?"

Ukungu ukaja. Ghorofa nzima ikatulia. Mama wa ng'ambo alimtazama mwanawe, akainama. Mwenzangu aliweka kidole midomoni na kunitikisia kichwa taratibu, kwa wema, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage maua. Alikuwa na haki. Nilimwona, nikaelewa kila alichotaka kusema, na nikaisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Mama anakwenda kuteka maji," nikasema. "Ndoo ni nzito."

Nikakohoa, palepale.

"Atachelewa. Nyinyi kuleni, mlale. Msimngoje mlangoni."