Sauti ya Mzee Benedikto

Tahiri Mrisho alikuwa na duka la kompyuta karibu na stendi ya Masasi, tangu enzi zile biashara huria iliposhamiri na kila aliyeuza korosho akataka CD ya harusi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda vipya tu, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Wenzake walitumia Windows ya kunakili. Yeye alitumia Linux, mfumo wa bure, na aliitetea mbele ya watu waliofuata fotokopi na kuondoka.

Mwaka 2008 alisoma mtandaoni habari za mfumo mpya wa kuhifadhi mafaili kwenye diski. Mfumo huo uliyabana mafaili, hata diski ndogo ikabeba mzigo wa kubwa. Mtunzi wake alikuwa ameandika waziwazi kwamba ni wa majaribio, ukiharibika hakuna wa kuulizwa, na mtu asiweke humo kitu asichotaka kukipoteza. Tahiri alilisoma onyo hilo mara mbili, akaona ni unyenyekevu wa mtunzi.

Diski yenye kazi za wateja ilikuwa imejaa. Akaisafisha, akaiwekea mfumo mpya, akazirudisha kazi zote. Kwa muda mambo yakaenda kasi, naye akawa hashikiki kwa majigambo. Kisha umeme ukakatika, kama ilivyo desturi yake, na uliporudi diski ikajitangaza kuwa tupu. Tahiri alijaribu kila amri aliyoijua. Akamwandikia mtunzi. Mtunzi akajibu kwa adabu, akamshukuru kwa taarifa.

Wenye harusi walikuwa na CD zao nyumbani. Kilichomnyima Tahiri raha ni sauti moja. Oliva wa Lupaso, Mama Nathanaeli, alikuwa amemletea kanda ya marehemu mumewe, Mzee Benedikto, akifundisha kwaya. Katikati ya wimbo anakohoa na kumwomba mkewe maji. Tahiri aliihamishia kwenye kompyuta, katika diski ileile ya wateja, akamwambia mama kanda imechoka, haina kazi tena, CD aje aichukue misa ya mwaka ya marehemu ikikaribia. Mama, mtu asiyetupa kitu, akautandaza utepe wa kanda kwenye shamba la mtama kufukuza ndege. Jua likaumaliza.

Misa ilipokaribia, mama akaja asubuhi, kavaa kitenge cha kanisani.

“Shikamoo, Mama Nathanaeli.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mzee.”

Tahiri alikuwa ametunga maneno kuhusu umeme, na yalikuwa maneno mazuri. Akayaacha.

“Nimempoteza, mama. Nilikuwa najaribu kitu kipya kwenye mashine. Hakuna namna ya kumrudisha.”

Mama Nathanaeli alikaa kwenye benchi la wateja. Alilia kidogo, bila kelele, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Halafu akamwona Tahiri alivyosimama pale, mikono haijui pa kwenda, akamwonea huruma.

“Pole na wewe, baba. Na zile picha za harusi yako na Shamila? Na za mtoto? Nazo zimekwenda?”

Tahiri alijua kwamba akiitikia tu, yataisha hapo, nao wataagana kama wafiwa wawili. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

“Zipo, mama,” akasema. “Zangu ziko kwenye diski nyingine. Hizo sikuzifanyia majaribio.”